Kupanga mishono ya kwilti ya vitenge kabla ya kugusa cherehani

Karibuni tena, mafundi wenzangu na ninyi mnaoanza. Leo cherehani inapumzika mpaka jaribio la mwisho, tunachora. Uso wa kwilti, yaani blanketi la viraka, uko tayari hapa mezani, umepigwa pasi, nyuzi zinazoning'inia zimekatwa. Kilichobaki ni kuamua mishono ya kushikamanisha matabaka matatu, yaani uso, pamba ya katikati na mgongo, ipite wapi.

Sogea uone nilicho nacho. Ni miraba ya vitenge na merikani, kimoja cha kitenge, kimoja cha merikani, kama ubao wa drafti. Kila mraba ukishashonwa una sentimita 16. Upana ni miraba 8, urefu 12, kwa hiyo uso mzima ni sentimita 128 kwa 192. Vitenge 48, merikani 48. Ukipata vipande vya fundi nguo wa jirani, kazi ya namna hii haina gharama kubwa.

Kabla ya penseli, geuza pakiti ya pamba usome maelezo yake. Pameandikwa umbali wa juu unaoruhusiwa kati ya mshono na mshono. Pamba iliyoshikiliwa na wavu mwembamba huweza kuvumilia hata sentimita 20 au 25. Isiyo na wavu mara nyingi hutaka sentimita 8 hadi 10, ikizidi hapo inakatika ndani na kujikusanya mabonge ukishafua. Yangu inasema 10. Basi 10 ndiyo sheria yangu leo, na mchoro wowote unaoacha nafasi kubwa kuliko hapo nautupa hata uwe mzuri vipi. Kama umenunua pamba ya kupimiwa dukani isiyo na maandishi, jihesabu uko kwenye 8 na usibishane nayo.

Sasa tuangalie nguo yenyewe. Chukua uzi, ulaze juu ya kitenge, halafu uulaze juu ya merikani. Mmeona? Kwenye kitenge umepotea kabisa. Pale pana maua, duara, ndege, rangi nne tano zinagombania nafasi. Ukishona ua linalokula saa mbili za kazi hapo hakuna atakayeliona ila wewe. Kwenye merikani kila tundu la sindano linaonekana. Kwa hiyo vitenge tunavipa mshono rahisi wa kushikilia tu, na urembo wote tunaupeleka kwenye merikani. Naona watu wanajaza vizungushozungusho kwenye kwilti nzima, kitenge na merikani sawasawa, mwisho wanapata blanketi gumu lisilolala mwilini. Sipendi, nasema wazi.

Chukua daftari la hesabu la viboksi. Kila mraba wa kwilti uwe viboksi vinne, viwili kwa viwili. Huna haja ya kuchora kwilti yote, miraba minne kwa minne inatosha. Tia rangi ya penseli kwenye vitenge, merikani iache nyeupe.

Weka penseli kwenye mstari wa maungio, pale mraba wa kitenge unapokutana na merikani. Badala ya kufuata mstari ulionyooka, chora tao linaloingia kwenye merikani. Fika kona, endelea na mraba unaofuata. Hapa sasa merikani iko upande wa pili wa mstari, kwa hiyo tao linapinda upande huo. Tena kona, tena tao. Bila kunyanyua penseli umepata wimbi moja linalokwenda kutoka ukingo mpaka ukingo. Rudia kwenye kila mstari wa maungio, wa kulala na wa kusimama.

Halafu inua daftari ulitazame kwa mbali. Kila kitenge kisicho cha pembeni kimezungukwa na duara kamili, na kila merikani isiyo ya pembeni imebaki na nyota ya ncha nne. Miduara inagusana kwenye kona bila kupandana. Hatukuchora duara hata moja, ni mawimbi tu yamepishana. Kwa mtu wa cherehani hii ni neema, maana kila mshono unaanzia ukingoni na kuishia ukingoni, hakuna fundo katikati ya kwilti.

Tupime kama sheria ya 10 imetimia. Katikati ya merikani, kutoka tao hadi tao linalotazamana nalo, ni kama sentimita 9.4. Hapo tumepona. Ndani ya duara la kitenge ndipo penye tatizo, kwa sababu kipenyo ni sentimita 22.6 na ndani hamna kitu. Tunapiga mistari miwili ya hanamu, kona kwa kona, alama ya X ndani ya kila kitenge. Kwenye ubao wa drafti mstari wa hanamu ukitoka kitenge unaingia kitenge kingine, haukanyagi merikani kabisa, hivyo nao unakwenda moja kwa moja hadi ukingoni. Duara limegawanyika robo nne, na nafasi iliyobaki haifiki 10. Kama pamba yako ni ya 8, ongeza ua dogo au duara dogo katikati ya nyota ya merikani, na ndani ya kila robo ya kitenge rudia tao la pili.

Tao lenyewe tunalipata jikoni. Tafuta sahani yenye kipenyo cha sentimita 22 au 23. Ilaze juu ya kadibodi ya boksi, izungushie penseli, halafu weka rula ikate duara pale ambapo urefu kati ya nukta mbili ni sentimita 16 kamili. Kata hicho kipande. Kina umbo la nusu mwezi mwembamba, na kilele chake kina urefu wa sentimita 3.3 hivi. Hiyo ndiyo pateni yako, huhitaji nyingine. Ukiona miraba yako imetoka 15 na nusu badala ya 16, usijilaumu, kata pateni ifuate miraba iliyopo.

Mgongo nao una neno lake. Mimi natumia khanga, doti moja, vipande vyote viwili. Khanga moja ni karibu sentimita 150 kwa 110. Ukiunga mbili kwa upande mrefu unapata kama 150 kwa 218, kwa hiyo kwilti yetu ya 128 kwa 192 inaachiwa ziada ya sentimita 11 kila ubavu na 13 juu na chini. Inatosha. Ila angalia mambo mawili. Majina ya khanga zote mbili yasomeke upande mmoja, moja lisiwe miguu juu. Pili, pindo la chini litapunguzwa utakapokata ziada, basi pima mapema jina lisije likakatwa nusu. Watu wataligeuza tu wasome, na sentensi isiyoisha inachekesha. Mishono itaonekana mgongoni pia, kwa hiyo uzi wa bobini uwe wa rangi ya mji wa khanga.

Kwa uso, chagua uzi mmoja kwa kazi yote. Nalaza nyuzi tatu kwenye merikani, rangi ya maziwa, buluu ya kaniki na nyekundu. Ya maziwa inazama, unabaki kuona bonde na kilima tu. Nyekundu inapiga kelele, na kila tao lililoyumba litatangazwa. Buluu iko katikati, ukiwa na mkono uliotulia ichukue. Anayeanza achukue maziwa. Nimejumlisha urefu wa mishono yote ya mchoro huu, unakaribia mita 60. Ukihesabu uzi wa juu, wa bobini na unaomezwa na matabaka, andaa kama mita 200 jumla usije ukakwama rangi imeisha dukani.

Tuje kwenye kuchora juu ya nguo. Merikani inapokea penseli laini au chaki ya buluu ya fundi. Kwenye vitenge vyeusi tumia kipande cha sabuni kilichokauka, kile chembamba cha mwisho wa mche, kinaandika vizuri na kinatoka kwa maji. Kalamu ya wino wa kawaida iache shuleni. Zile kalamu zinazofutika kwa pasi nazo zina hila, kwa sababu alama hutoweka kwa joto na huweza kurudi nguo ikipata baridi kali. Kwilti ya kupelekwa Ulaya kama zawadi usiichore nazo. Na zile za kufutika kwa maji, usizipitishie pasi kabla ya kuzisuuza, utazigandisha. Chochote utakachotumia, kijaribu kwanza kwenye kiraka kilichobaki, ukifue, ndipo uamini.

Panga pia safari ya sindano. Chora mishale kwenye daftari. Naanza na wimbi la kusimama lililo katikati kabisa, kisha la kulala lililo katikati, halafu natoka nje taratibu. Mawimbi ya upande mmoja yote yaanzie juu kwenda chini. Ukishona moja kwenda na moja kurudi, kitambaa kinasukumwa huku na huku na miraba inalala upande. Hanamu ziwe za mwisho, maana kitambaa huvutika sana upande huo na mawimbi yakishashika hakiwezi kutoroka. Hanamu ikifika ukingoni usikate uzi, tembea ukingo wa kitenge hichohicho, milimita 3 kutoka mwisho, mpaka kona yake ya pili, kisha rudi ndani. Hatua hiyo itafunikwa na utepe wa ukingo. Ukingo wote wa nje ushonwe hivyo: tao kwenye merikani za pembeni, mstari huohuo kwenye vitenge.

Kuna kina mama wa Kisiddi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, wao hufanya kinyume. Wanaanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, mstari karibu na mstari, kwa mkono, bila kuchora. Kwao inawezekana kwa sababu viraka vinapangwa na kushonwa papo hapo juu ya kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu. Uso wetu umeshaungwa tayari, tukianzia pembeni tutasukuma ziada yote katikati na kupata mfuko. Lakini ukitaka kushona kwa mkono siku moja, tafuta picha za kwilti zao, wanaziita kawandi, uone mistari ile ilivyonyooka bila rula.

Jaribio la mwisho ni kiraka cha matabaka matatu, mraba mmoja wa kitenge na mmoja wa merikani, pamba ileile, khanga ileile. Sindano namba 14, hatua ya milimita 3, na kama unao ule mguu wenye meno yake ya juu, ufunge, matao haya ni mapana na unayamudu bila shida. Shona tao moja na hanamu moja, geuza uangalie chini. Vijifundo vya uzi vikijitokeza khangani, rekebisha mkazo hapa, siyo kwenye kwilti. Ukija kwenye kwilti yenyewe, kuna kona mnapokutana maungio manne na mishono mitatu; hapo zungusha gurudumu kwa mkono, pole pole, sindano isivunjike.

Ukiridhika, tandika matabaka sakafuni na ufunge pini za nepi, ngumi moja kutoka pini hadi pini, zote ndani ya nyota na ndani ya robo za duara ili njia ya sindano ibaki wazi. Ziada ya khanga usiikate bado, tutaikata siku ya kufunga ukingo.