Kabla hujanunua PK22, kipindue kwanza

Habari zenu, karibuni. Leo nina kiti kimoja tu hapa mbele yangu. Ni PK22, kazi ya mbunifu wa samani Mdenmarki Poul Kjærholm, na hizo PK ni herufi za jina lake. Kilianza kutengenezwa 1956, na mwaka uliofuata kikazoa tuzo kuu kwenye maonyesho ya Triennale kule Milan, Italia. Tangu hapo kimeigwa mno. Kwa hiyo mtu akikutumia picha na kukuambia "orijino hii, wahi", weka hela mfukoni kwanza tuangalie pamoja.

Anza kwa kukaa mbali nacho kidogo. Ona kilivyo kifupi: kikalio kiko kama sentimita 35 tu kutoka sakafuni. Chukua futi kamba upime: upana 63, kina 63, kimo 71. Hakina mikono, na hakina sponji wala mto. Ngozi yenyewe iliyovutwa juu ya fremu ndiyo inayokubeba. Wengi hukichanganya na kiti cha Barcelona cha msanifu Mjerumani Mies van der Rohe, cha 1929. Kile miguu yake imepishana kama X na kina mito minene yenye vifungo. Ukishaviona vyote viwili mara moja, huchanganyi tena.

Sasa sogea uangalie chuma. Kinatakiwa kiwe kimefifia, mwanga ukikipiga haukuumizi macho. Vile vya zamani ni chuma cha springi kilichopakwa kromu isiyong'aa. Vya baadaye ni chuma cha pua kilichosuguliwa. Kiking'aa kama bampa ya gari jipya, anza kuuliza maswali.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha video hii. Tandika blanketi, kipindue. Hebu kamera isogee hapa... hapo hapo. Unaona? Ni flati baa, yaani vyuma bapa, zilizopindwa, zikakutanishwa, zikafungwa kwa skrubu. Pitisha kidole kwenye kiungo: ukingo wa kila kipande unausikia, hakuna palipochomelewa. Si kwamba alishindwa kuchomelea. Kjærholm alijifunza useremala kwanza, ndipo akaenda kusoma Copenhagen, ambako Hans Wegner, naye mbunifu wa viti, alikuwa mmoja wa walimu wake. Chuma alikichukulia kama seremala anavyouchukulia mbao: kila kipande kionekane kilipoanzia na kinapoishia. Mimi niliwahi kuuziwa kimoja ambacho kwa juu kilikuwa kizuri kweli. Nilipokipindua, nyumbani tena, kwa kuchelewa, nikakuta uvimbe wa kuchomelea umepigwa msasa na kupakwa rangi ya fedha. Ndiyo maana siku hizi napindua nikiwa bado kwa muuzaji, anicheke asinicheke.

Ukiwa bado huko chini, tafuta chapa kwenye chuma. Mtengenezaji wa kwanza alikuwa E. Kold Christensen, aliyeendelea nacho hadi Kjærholm alipofariki 1980. Kuanzia 1982 ni kampuni ya Fritz Hansen, na ndio wanaokitengeneza mpaka leo. Vya Kold Christensen ndivyo vinavyogombaniwa kwenye minada. Ila chapa naiangalia baada ya viungo, si kabla. Kugonga herufi kwenye chuma ni kazi ya dakika chache. Kuiga viungo hivi ni gharama.

Ngozi nayo. Kwanza, ukikuta kimesukwa kwa henzirani, au kina turubai, usikiite feki, maana vya aina hizo pia vilitengenezwa kweli. Kwa cha ngozi ya rangi ya asili, linganisha juu na chini. Juu jua na jasho huipa ngozi rangi iliyokolea, mahali pengine hadi kahawia iliyoiva kabisa, wakati sehemu iliyojificha hubaki karibu na rangi yake ya mwanzo. Fremu ikiwa na mikwaruzo ya miaka mingi halafu ngozi ina rangi moja kote, huenda imebadilishwa. Hiyo si kosa, lakini bei ishuke, na uulize ni fundi gani aliyeibadilisha.

Kukirudisha kwenye miguu muwe wawili, mmoja kila upande. Shikeni chuma. Ngozi msiivute.