Mbwa Aliyeitwa Mshenzi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nawashukuru hasa akina mama wa soko la samaki la Mwaloni mliofunga meza mapema mkaja.

Naanza na jina. Kuna mbwa mdogo wa kuwinda anayefugwa Ulaya na Marekani kwa vyeti vya ukoo. Anaitwa basenji. Litamkeni polepole: ba-senji. Ni neno la Kongo, ndugu wa neno letu washenzi, yaani mbwa wa watu wa porini. Mwaka 1895 walionyeshwa wawili London, wakafa kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa. Haikuwa mpaka mwaka 1937 ndipo walipostawi Uingereza. Hivi leo aliyeitwa mshenzi analala kwenye zulia.

Dume ana kimo cha sentimita 43 hivi na uzito wa kilo 11. Masikio wima, makunyanzi kwenye paji la uso, mkia umejikunja mgongoni kama pete. Kesho asubuhi piteni Kirumba mwaangalie mbwa waliolala kando ya chanja za dagaa. Mkia huo mtauona. Sisemi wale ni basenji. Nasema tusiwaite koko halafu tukadhani tumemaliza kuwaeleza.

Hapa nifafanue kidogo, maana Kiswahili chetu kinatuchanganya. Tunasema mbwa anatokana na mbwa mwitu, na mtu wa Mwanza akilisikia hilo anawaza wale wenye mabaka wa Serengeti. Siyo hao. Hao ni jamii nyingine kabisa, wala hawazaliani na mbwa wa nyumbani. Babu wa mbwa wote ni yule mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini, anayetajwa katika Biblia akiwa na mwana-kondoo. Mbwa walifika Afrika pamoja na watu, na huku kazi ikawachonga upya.

Na kazi ndiyo inayotuambia tabia. Basenji aliwinda msituni akiswaga wanyama kuelekea kwenye nyavu. Habweki kama wengine, kwa kuwa koo lake limeumbwa tofauti; hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayeanza wimbo kisha akaghairi. Kwa sababu ya ukimya huo, mwindaji alimvika njuga ya mti shingoni ili ajue alipo. Fikirini: mbwa yuko ndani ya majani, bwana wake hamwoni. Nani atampa amri? Lazima aamue mwenyewe. Wafugaji wengi wanamwita mkaidi. Mimi nalikataa neno hilo kwa moyo wote. Huyo ni mfanyakazi aliyezoea kuaminiwa.

Mlinganisheni na beagle, mbwa mdogo wa Waingereza wa kuwinda sungura. Yeye aliwinda kundini kwa makelele, akifuata harufu. Ndiyo maana anapenda wenzake, anapenda watu, na ukimwacha peke yake analia mtaa mzima usikie. Upole huohuo ndio uliofanya maabara zimchague kwa majaribio, jambo linaloniumiza kila nikilitaja.

Nyumbani Igoma nina jike mmoja, rangi ya mchanga uliolowa, jina lake Nyota. Hana cheti chochote. Ukimtupia kichwa cha sangara haji mbio. Anakaa hatua mbili mbali, anatazama ukuta, kisha anazunguka kwa nyuma na kukichukua kwa ncha ya meno. Mgeni akija, ananusa kiatu, halafu anakwenda kukaa mahali anapoona mlango na mgeni kwa pamoja. Safari ya tatu ya mgeni huyo ndipo anaweka kidevu chake juu ya kiatu kilekile.

Wengi mtasema hiyo ni mbegu yake. Huko Maine, Marekani, watafiti John Paul Scott na John Fuller walilea watoto wa mbwa wa mbegu tano, basenji na beagle wakiwemo. Watoto wa basenji wakiwa na wiki tano walikuwa waoga sana wa mikono ya watu. Ila walipozidi kushikwa na kuzoeshwa, woga ule ukapungua haraka. Nao utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kuwa mbegu inaeleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Kwa hiyo ninyi mnaomfungia mtoto wa mbwa bandani miezi mitatu asione mtu, ili eti awe mkali: mnatengeneza mwoga. Na mbwa mwoga ndiye anayemng'ata mtoto wa jirani. Wiki ya 3 hadi ya 14, mpeni mikono ya watoto, sauti ya bodaboda, harufu ya wageni.

Nimeletewa karatasi hapa. Mzee wangu mmoja anauliza: ana dume na jike wa tumbo moja, wazuri, wapole, je, awapandishe ili upole usipotee?

Hapana, mzee wangu. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno, wakapandishwa wao kwa wao, na ukawashika ugonjwa wa figo uitwao Fanconi: mbwa anakunywa maji bila kukoma na sukari inatoka kwenye mkojo. Wapenzi wake walifunga safari hadi Zaire, yaani Kongo ya leo, mwaka 1987 na 1988 kutafuta damu mpya vijijini, na mwaka 1990 Wamarekani wakafungua daftari la ukoo ili hao wa vijijini waingie. Walirudi kwa wale wale wa porini. Wewe huna haja ya kwenda mbali. Panda kivuko, nenda Sengerema, utafute dume mtulivu ambaye watoto wa nyumba ile wanamshika mkia naye hajali. Umwone kwanza mama yake. Na uulize kama amechanjwa kichaa cha mbwa.