Mbwa Akishikwa na Kifafa Usiku: Mhadhara Uliotolewa Tudor, Mombasa

Assalaam alaikum, na nyote hamjambo. Nawashukuru kwa kuja, hasa askari wa mageti kutoka Nyali na Kizingo ambao mmeniambia mkitoka hapa mnaingia zamu moja kwa moja. Nyinyi ndio mnaokuwa macho na mbwa wakati mwenye mbwa amelala, kwa hiyo mengi ya leo ni yenu.

Nianze na usiku mmoja nyumbani kwangu. Nina mbwa aitwaye Tufani, mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, nilimwokota akiwa mdogo kwenye kiwanja kitupu kule Kisauni. Alikuwa na miaka mitatu. Saa nane na dakika kumi za usiku nilisikia kucha zikikwaruza saruji ya baraza, mbio mbio, kama mtu anayeparuza ukoko wa wali kwa kijiko. Nikatoka na tochi. Amelala ubavu, shingo imevutika nyuma, miguu yote minne inapiga kama anayeogelea. Meno yanagongana. Povu, mkojo umetiririka hadi kwenye viatu vya watoto. Macho wazi, lakini hayamwoni mtu.

Mimi ni daktari wa mifugo. Hali hii nimeiona kwa wanyama wa watu zaidi ya miaka 20. Na bado, kwa wangu mwenyewe, jambo la kwanza mwili wangu uliotaka ni kupiga magoti nimkumbatie. Mdogo wangu, aliyekuwa amekuja kulala kwetu, alikuwa mwepesi kunishinda: alishatoka jikoni na kijiko amtie mdomoni, asije akameza ulimi. Kijiko kikaruka. Kidole chake cha shahada kikapasuka hadi mfupa ukaonekana. Tufani hakuwa na habari. Taya zilijifunga zenyewe na kidole kilikuwa kati.

Ulimi haumezwi. Nalisema taratibu ili aliye nyuma asikie: mbwa hawezi kumeza ulimi wake, umeshikwa chini kwa nyama. Hakuna kijiko, hakuna kijiti, hakuna kitambaa, hakuna kidole cha kupita kwenye meno yale.

Usiku ule aliyefanya la maana ni binti yangu wa miaka 14. Alisimama mlangoni akawasha kamera ya simu. Mama yangu, aliyekuwa akisoma Ayatul Kursi nyuma yake, alisema baadaye kwamba tukutiko lile lilikwenda robo saa. Mimi ningekula kiapo ni dakika kumi. Simu ilisema dakika 1 na sekunde 50. Hofu hurefusha muda, na daktari utakayemwamsha usiku atakuuliza hilo kabla ya lolote: limekwenda dakika ngapi? Kwa hiyo tazama saa. Ukiweza, piga na video. Hiyo video mimi kama tabibu naipenda kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu mbwa akifika kwangu asubuhi huwa amesimama anatikisa mkia, na mwenyewe anababaika kueleza alichokiona.

Mara nyingi kifafa cha mbwa hakizidi dakika mbili tatu. Kikifika dakika 5 hakijakoma, hapo ni hatari ya kweli. Misuli ikitukutika hivyo mfululizo inatoa joto jingi. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39, likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika, na ubongo wenyewe unaumia. Vivyo hivyo akishikwa mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, au akishikwa tena kabla fahamu hazijamrudia. Katika hali hizo hakuna kusubiri kukuche. Katika hali nyingine, mbwa aliyeshikwa mara moja, dakika moja, akaamka, unaweza kumpigia daktari simu na kumpeleka mchana bila kuhatarisha roho yake.

Nasema haya nikiwafikiria watu wa Likoni. Kumpakia mbwa anayetukutika, usiku, kwenye tuktuk, mpaka feri, mkasubiri foleni, mkavuka, si jambo dogo. Mwendo wenyewe, honi, taa, vyote vinaweza kumwongezea. Kwa hiyo saa ndiyo inayokuamulia: hajafika dakika 5, kaa. Amefika, ondoka. Na dereva wa tuktuk umtafute leo, si siku hiyo. Wengi hawatakubali mbwa kwenye gari lao, na nawaelewa. Mwambie mapema, weka turubai au katoni iliyobanjuliwa ya kumlalisha, kubaliana naye kwamba utaosha. Andika namba yake ukutani pamoja na ya daktari.

Sasa kati ya sekunde ya kwanza na hiyo dakika ya 5 unafanya nini? Vitu viondoke kumzunguka: viti, jiko, ndoo, jembe la bustani. Akiwa karibu na ngazi au kisima, mkokote kwa kushika miguu ya nyuma au ngozi ya mgongoni, mbali na kichwa, au msukume kwa godoro kuukuu. Zima redio, zima taa kali, watoto waingie ndani, na mbwa wengine wafungwe, maana mbwa huweza kumrukia mwenzao aliye katika hali hiyo. Likichelewa kukoma, mpepee, umloweshe tumbo na nyayo kwa maji ya mfereji. Maji ya barafu hapana. Basi, ni hayo tu. Ni machache, na uchache huo ndio unaowashinda watu, kwa sababu anayempenda anaona kusimama pembeni ni kumtupa. Si kumtupa. Wakati ule hana fahamu, hasikii maumivu wala hajui nani kamshika.

Na hapa kuna jambo nataka tulizungumze wazi, kwa kuwa tuko Mombasa. Wengi wetu tunafuga mbwa wa ulinzi na hatumgusi. Mate yake ni najisi nzito kwetu Mashafii, kuosha mara saba, moja kwa udongo. Askari mmoja aliniambia kwa uchungu: "Daktari, nilimwona anakufa na sikuweza kumshika, nina udhu." Ndugu yangu, hukukosea kitu. Huduma ya kwanza ya kifafa cha mbwa haitaki mkono wako. Inataka jicho lako na saa yako. Asiyegusa mbwa na anayelala naye sebuleni, katika dakika zile kazi yao ni moja. Na kama kumjali mbwa kunakupa wasiwasi, sote tunamjua yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe.

La pili letu ni degedege. Bibi zetu waliliita hivyo kwa watoto, wakasema ni dege limepita juu ya nyumba, ni pepo. Mbwa naye huambiwa kapandwa. Mafuta ya taa kichwani, moshi wa kitambaa puani, kitunguu. Moshi unamziba pumzi aliyekwisha kubanwa. Kifafa ni seli za ubongo, ambazo kila siku hupokezana umeme wake kidogo kidogo kwa zamu, zimefyatuka zote kwa pamoja. Mama yangu aliendelea kusoma, na sikumzuia. Alisoma akiwa mbali, sauti ya chini, wala hakumdhuru.

La tatu ndilo linaloua mbwa kuliko kifafa chenyewe. Jirani akiona povu anapiga kelele, "Kichaa! Kichaa!", na rungu zinatoka. Mwenye kifafa hutukutika, kisha humalizika, na baada ya dakika au saa kadhaa anakuwa yule yule wa jana. Kichaa cha mbwa hakirudi nyuma. Tabia hubadilika siku hadi siku, mbwa mpole anauma, sauti inakauka, anashindwa kumeza, nyuma inapooza, na kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze. Ila sitawadanganya: mwenye kichaa naye huweza kutukutika. Ndiyo maana kadi ya chanjo ni kitu cha kwanza ninachouliza. Mbwa wako hana chanjo, au aliumwa na mbwa wa mtaani hivi karibuni, basi mfungie kwa mbali, asiguswe, na daktari aitwe. Na aliyeumwa, hata kwa bahati mbaya kama mdogo wangu, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Tufani alikuwa amechanjwa, kadi ilikuwepo, na bado tulikwenda. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Hatutafika kama kadi zenyewe hatuna.

Mzee pale anauliza habari ya maziwa. Nashukuru, ningelisahau. Ni kweli, mbwa akila sumu hutukutika, na desturi yetu ni kumkamua maziwa kooni. Mzee wangu, mbwa asiye na fahamu hamezi. Maziwa yanakwenda mapafuni, na akipona sumu anakufa kwa mapafu. Usimpe kitu cha kunywa mpaka asimame na akujue. Ila fikiria sumu, hasa mbwa wa ulinzi: kipande cha nyama kilichorushwa juu ya ukuta kikiwa na dawa ya wadudu, sumu ya panya, dawa ya kupe ya ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia. Hapa pwani kupe hawaishi na watu huongeza dawa wakidhani wanasaidia. Ukiona mate yanamiminika, macho yanatoa machozi, nyama zinachezacheza hata tukutiko likiisha, usingoje dakika 5. Mpeleke, na chupa au pakiti uichukue.

Sababu nyingine nitazipitia mbio. Mbwa mdogo mwenye njaa na minyoo, sukari inashuka. Jike anayenyonyesha, hasa wiki nne za kwanza, kalsiamu inaishia kwenye maziwa. Chingamu isiyo na sukari yenye zailitoli, kile kitamu kinachotiwa badala ya sukari. Mbwa aliyefungwa chini ya mabati mwezi wa Februari. Aliyekunywa maji ya bahari sana ufukweni, chumvi ikampanda ubongoni. Mzee wa miaka kumi anayeanza leo, huenda kuna uvimbe kichwani. Na walio kati ya miezi 6 na miaka 6, wazima kwa kila kipimo, mara nyingi ni kifafa cha kuzaliwa nacho. Tufani ni wa hao.

Dawa. Tukutiko moja kwa kawaida halitoshi kumwanzishia mbwa dawa. Tunaanza yakiwa mawili au zaidi ndani ya miezi sita, au likiwa refu, au yakifuatana. Inayotumika sana ni fenobabito, ile ile ya binadamu, lakini kwa kipimo cha daktari wa wanyama; usimpe ya shangazi. Ni kila baada ya saa 12, na hapa Mungu katurahisishia: karibu na ikweta jua linachomoza na kuzama kwa karibu saa 12 mwaka mzima. Jua likichomoza, kidonge. Likizama, kidonge. Wiki mbili za mwanzo atayumba, atakula kama mwenye njaa ya Ramadhani, atakojoa sana. Msimchape kwa hilo. Ini lake tunalipima kila baada ya miezi sita. Na usiache ghafla kwa kuwa hajashikwa miezi mitatu. Hajashikwa kwa sababu ya dawa. Ukiikata siku moja, kifafa hurudi kwa kishindo, na mbwa wawili niliowapoteza nilipoteza kwa njia hiyo. Siku za kwenda mashambani, kidonge kipakiwe kabla ya nguo.

Kijana mbele ameinua mkono. Unasema alipoamka alikungurumia, akakutazama kama hakujui.

Ni kweli, hakukujua. Baada ya tukutiko ubongo unaamka vipande vipande. Wengine hawaoni kwa muda, wanagonga ukuta, wanazunguka, wanakula hata sabuni. Ni dakika kwa wengine, ni siku nzima kwa wengine. Usimfuate. Kaa mbali, mwite kwa jina lake kwa sauti ya kawaida, acha maji kidogo chini. Tufani alizunguka baraza saa tatu, anapita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya nguzo. Nilikaa kwenye ngazi na daftari. Adhana ya alfajiri ilipoanza akasimama, sikio moja likainuka kama linavyoinuka kila siku wakati ule, akanusa viatu vilivyolowa, akaja akalala mlangoni mahali pake. Nikaandika: saa kumi na moja na dakika kumi, amenijua.