Kitovu cha ndama na hesabu tusiyoiandika

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wafugaji mliotoka Kigamboni, Chanika, Kibamba na kwingineko hapa Dar es Salaam, karibuni.

Ndama akizaliwa, kitovu hukatika na kuacha njia wazi. Mshipa mmoja unakwenda kwenye ini. Mishipa miwili na mrija wa mkojo vinaelekea upande wa kibofu. Sasa mlaze ndama huyo kwenye tope la masika lililochanganyika na kinyesi. Vijidudu vinapanda. Vikiingia kwenye damu hutua kwenye maungio ya miguu, na baada ya siku chache unamkuta magoti yamevimba, kuinuka kunyonya hawezi.

Nikimuuliza mfugaji amepata hasara gani, hunitajia sindano na nauli ya daktari. Hiyo ndiyo ndogo, jamani! Mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, hapandishwi kwa umri tu. Tunasubiri afikie kama asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake, na ndama aliyeugua kitovu anaweza kudumaa. Tuseme amechelewa kuzaa miezi 3, na akizaa atatoa lita 10 kwa siku. Siku 90, lita 900 hazijaingia kwenye ndoo, na yeye anakula kila siku. Mjini hapa majani tunanunua, guta tunalilipa, pumba na mashudu vivyo hivyo. Nani kati yetu ameandika hiyo kwenye daftari? Na bado sijamgusa aliyekufa: mimba ya miezi 9, mbegu uliyoilipia, na mrithi wa mama yake bandani.

Kinga ya ugonjwa huu wa kitovu ni dawa ya ayodini ya asilimia 7. Mimina kidogo kwenye kikombe safi, chovya kitovu chote mpaka kikombe kiguse tumbo, mara tu ndama anapozaliwa, kisha rudia baada ya saa 12. Ukipulizia unalowesha upande mmoja. Dawa ya kuchovyea chuchu usiilete hapa, maana ina vilainishi, nasi tunataka kitovu kikauke.

Halafu dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Ng'ombe hampi mwanawe kinga akiwa tumboni. Anampa kwenye dang'a, na utumbo wa ndama huanza kuifungia mlango saa chache tu baada ya kuzaliwa. Ndama wa kilo 30 apate lita 3 ndani ya saa 6. Naumia sana nikisikia dang'a limepelekwa jikoni kabla ndama hajashiba.

Leo jioni mkifika nyumbani, shikeni kitovu cha kila ndama mchanga. Kikiwa kikavu na chembamba kama penseli, mwache alale. Kikiwa kinene, cha moto, kinanuka, au ndama anaruka ukikigusa, mpime joto. Likizidi nyuzi 39.5, mpigie daktari wa mifugo usiku huohuo, usingoje magoti yavimbe.