Ghorofa mpya za tofali: kazi kubwa iko nyuma ya ukuta

Haya jamani tuanze, mliosimama mlangoni viti bado vipo huku mbele. Leo nataka tuongelee hizi ghorofa mpya za makazi zenye uso wa matofali ya kuchoma, maana watu wakiziona wanasema hili jengo ni la uhakika, ona tofali zilivyobeba! Na mara nyingi tofali hazijabeba kitu, zimejibeba zenyewe tu. Mzigo uko kwenye fremu ya zege au ya chuma huko ndani, tofali la nje ni kama koti la mvua.

Zamani zilibeba kweli. Chicago kuna jengo linaitwa Monadnock, nusu yake ya kaskazini ilikamilika 1891, ghorofa 16, na kuta za tofali ndo zimebeba, sasa huko chini ukuta una unene wa karibu mita 1.8. Yaani wengi wetu humu ukilazwa ndani ya ule ukuta unaenea! Nusu ya kusini ikakamilika 1893 kwa fremu ya chuma, na kuta zikawa nyembamba. Leo tofali la nje lina unene wa kama sentimita 10 tu, kwa hiyo cha kuuliza ni limeshikwa na nini, na maji yakiingia yanatokea wapi.

Tuanze na maji. Ukuta wa tofali hauzuii maji, hilo tuelewane, mvua ya upepo ikiupiga muda mrefu lazima yapenye, hasa kwenye jointi, pale tofali zinapoungana. Ndo maana nyuma ya tofali unaachwa uwazi wa hewa, maji yanateremka humo mpaka kwenye shiti ya kuzuia maji iliyolazwa juu ya madirisha, halafu yanatoka nje kwa vitundu vinavyoachwa kati ya tofali na tofali. Sasa nenda saiti uone, fundi anakimbizwa, mota, ule udongo wa saruji wa kuungia tofali, inadondokea nyuma kila kozi, yaani kila mstari wa tofali, inajaa kwenye ule uwazi mpaka vitundu vinaziba, na kwa nje ukuta unapendeza kabisa. Baadaye chumba cha mtu kinaota ukungu, anaambiwa eti hafungui madirisha. Hii inaniuma sana, kwa sababu fundi akiikwangua ile mota kwa mwiko kila anapolaza tofali, shida yote hiyo isingekuwepo.

Kitu kingine ambacho hata mainjinia wengine wanakipuuza: tofali la kuchoma likitoka tanuruni limekauka kabisa, linaanza kunyonya unyevu wa hewa na linavimba kidogo kidogo kwa miaka. Zege lenyewe linafanya kinyume, linasinyaa. Kwa hiyo uso unataka kupanda na fremu inataka kushuka, na usipoacha jointi laini, yaani isiyo na mota, inayoweza kubonyea, chini ya kile chuma kinachofungwa kwenye fremu kubeba tofali za kila ghorofa, tofali zinabanana, zinapasuka au zinatokeza nje. Jointi hiyo mtu akiiona anadhani ni uchafu wa kazi, anaijaza mota. Msiijaze!

Na viungo vya chuma vinavyoshika tofali kwenye ukuta wa ndani viwe vya chuma kisichoshika kutu, viinamie nje kidogo ili maji yasitembee kuelekea ndani. Kubana matumizi hapo ni kucheza na roho za watu. New York mwaka 1979 kipande cha uso wa jengo kilidondoka kikamuua mwanafunzi wa chuo, na mwaka uliofuata jiji likapitisha sheria ya kukagua nyuso za majengo marefu.

Uso wenyewe sasa, ambapo ndipo fundi mzuri anaonekana. Tofali anazichanganya kutoka kwenye mafungu kadhaa kwa pamoja, la sivyo rangi inakaa mabaka mabaka. Jointi ya milimita 10 anaijaza yote, pamoja na ile ya wima, halafu hapigi pointi, yaani kumalizia uso wa jointi, mapema, anasubiri mota ikaze mpaka ukibonyeza kidole kinaacha alama bila kunasa, hapo ndo anaigandamiza na chuma. Akiwahi inachafua tofali, akichelewa inameguka. Na ukikuta kando ya dirisha kuna kikipande cha tofali chembamba, usimseme fundi, huyo ni mchoraji wa ramani ambaye hakupanga vipimo vyake kwa tofali.

Ushauri wangu kwa wenye majengo, kabla ya kazi kuanza jengesheni kipande cha sampuli pale pale saiti, kiwe na kona, dirisha, vitundu na ile jointi laini, kikaguliwe na wote, na kisibomolewe mpaka tofali la mwisho lilazwe, ili mkibishana kwenye ghorofa ya nane mnashuka chini mnalinganisha. Karibuni maswali.