Dawa ya Dizeli Hutiwa Kabla ya Baridi

Ndugu zangu madereva, mafundi, na nyinyi mnaosimamia majenereta, asanteni kwa kuja. Injini mnaijua, sitawafundisha injini. Nimekuja na jambo lile lile ambalo walionisikia siku za nyuma wanalitarajia: karibu kila kitu kinachofaa kufanyiwa dizeli dhidi ya baridi kali hufanywa mafuta yakiwa bado hayajapoa. Yakishapoa, umebaki na kazi ya uokoaji.

Tuanze na nta. Dizeli ya kawaida inayotokana na mafuta ghafi ina nta ya parafini ndani yake, ya ukoo mmoja na nta ya mshumaa. Gari likizimika kwenye theluji, fundi akafungua filta akakuta uji mweupe, lawama ya kwanza huenda kwa mwenye kituo: amechakachua! Mara nyingi hajachakachua chochote. Nta ile ni mafuta, tena ni katika sehemu bora za mafuta. Mnaijua namba ya seteni, inayoonyesha dizeli inawahi kiasi gani kuwaka ikishapulizwa kwenye silinda. Seteni ni ya jamii hiyo hiyo ya parafini, na ikiwa tupu, isiyochanganywa na kitu, ndiyo iliyopewa namba 100 kwenye kipimo hicho. Na seteni hiyo tupu huganda kwenye nyuzi 18 za Selsiasi. Sisemi chini ya sifuri, nasema nyuzi 18, joto ambalo mtu anakaa na shati. Kinachoizuia isigande kwenye tangi lako ni kwamba imeyeyuka ndani ya mafuta mengine mepesi. Molekuli zake zimenyooka, ndiyo maana zinawaka vizuri, na kwa kunyooka huko huko hupangana upesi baridi ikiingia. Kiwanda kinaweza kuipunguza nta, kinaweza kuibadili umbo, lakini usidhani ni takataka iliyopitiwa na mtu.

Sasa tazameni inavyoganda, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Tia dizeli kwenye chupa ya kioo, ibandike karatasi yenye maandishi kwa nyuma, iache nje joto lishuke. Mwanzoni unasoma kila herufi. Kisha herufi zinaanza kufifia pembeni, mafuta yanaingia ukungu, na baadaye huoni herufi hata moja. Inamisha chupa: mafuta bado yanamiminika bila shida! Dereva akiona hivyo anasema dizeli yangu haijaganda. Kweli, haijaganda. Lakini ukungu ule ni fuwele za nta, na matundu ya filta yako ni ya mikroni chache tu, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tangi limejaa mafuta yanayomiminika, na injini inakufa kwa njaa. Dizeli ya majira ya joto inaweza kuingia ukungu hata kwenye nyuzi za karibu na sifuri, baridi ambayo mwenyeji wa nchi za theluji haiiti baridi.

Nina kisa ambacho baadhi yenu mmekisikia, na nitakirudia kwa sababu hutokea kila mwaka. Dereva wa lori alijaza matangi yote mawili nchi ya chini, kwenye joto. Jioni akafika mlimani kwenye theluji, akaegesha nje, akalala. Asubuhi injini ikawaka mara moja. Akaiacha ikinguruma kidogo, akatoka, na mbele kidogo kwenye mwinuko nguvu zikaanza kupungua. Akakanyaga mafuta, lori likazidi kulegea, likazima. Akaja fundi, akabadilisha betri. Betri! Betri iliyoamsha injini ile ile muda mfupi uliopita! Mnajua kwa nini iliwaka asubuhi? Kwa sababu kwenye filta na mabomba mlikuwa na mafuta ya kutosha dakika chache. Ilipoanza kuvuta ya tangini, nta ikaja nayo, ikatanda kwenye filta mpaka ikaziba. Dalili ni hiyo: inawaka, inakwenda kidogo, inapoteza nguvu taratibu, inazima. Betri mbovu haileti dalili hiyo.

Halafu wakamimina chupa mbili za dawa ya kuzuia kuganda tangini, wakangoja. Wakangoja tena. Haikusaidia kitu, na isingeweza kusaidia. Dawa iko tangini, kizuizi kiko kwenye filta. Itafikaje huko wakati hakuna kinachopita? Na hata ingefika, dawa hizi za kawaida haziyeyushi nta. Hilo naomba mlishike. Haziyeyushi, wala haziizuii isijitokeze. Mafuta yataingia ukungu karibu pale pale yangeingia bila dawa. Kazi yake ni kuwahi fuwele wakati zinazaliwa. Bila dawa, fuwele hukua kuwa vipande vipana, vyembamba, vinavyoshikana na kufunika filta. Dawa ikiwemo, zinabaki ndogo na nene, zikirundikana kwenye filta huacha nafasi ya mafuta kupita katikati yake. Fuwele iliyokwisha kukua huwezi kuirudisha utotoni. Yule dereva alipaswa kumimina dawa kwenye kituo cha nchi ya joto, tena kabla ya kujaza, ili mafuta yanayoingia yaikoroge. Chupa ile ile ingefanya kazi.

Najua kuna atakayesema: mbona zipo dawa za dharura zinazoyeyusha? Zipo, zina viyeyushi vikali, na ukikwama zitumie: funga filta mpya, ijaze kwa kufuata maelekezo ya kwenye chupa, kisha tia nyingine tangini, na ukiweza ingiza gari kwenye jengo lenye joto. Beba filta ya akiba siku zote za baridi. Lakini mtu anayepanga safari kwa kutegemea chupa ya dharura hajapanga safari.

Mwingine ataniambia habari ya mafuta ya taa. Hayo kweli hushusha joto ambalo mafuta huanza kuingia ukungu, kwa sababu ni mepesi na nta yake ni kidogo. Makisio ya mafundi ni kwamba kila asilimia 10 hushusha kama nyuzi 1 hadi 2. Gharama yake ni nguvu kidogo ya injini na ulainishaji wa pampu, na nchi nyingi zina sheria kuhusu mafuta gani yaruhusiwe barabarani, kwa hiyo uliza kwanza. Nayo pia huchanganywa kabla, mafuta yakiwa maangavu.

Petroli, hapana. Tafadhali. Nasikia "wazee walikuwa wanatia kidogo". Wazee walikuwa na pampu nyingine. Pampu za leo zinalainishwa na dizeli yenyewe, kwa shinikizo kubwa mno, na petroli huondoa ulainishaji huo. Zaidi ya hapo, dizeli ya Ulaya hairuhusiwi kutoa mvuke unaoshika moto chini ya nyuzi 55. Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukizichanganya umegeuza tangi lako kuwa kitu kingine kabisa.

Kuhusu namba za kituoni. Kiwango cha Ulaya, EN 590, kina madaraja kuanzia A, la nyuzi 5 juu ya sifuri, hadi F, la nyuzi 20 chini yake, kisha madaraja ya nchi za baridi kali yanayofika nyuzi 44 chini ya sifuri. Kipimo chenyewe huvuta mafuta yanayopozwa kupitia wavu wa mikroni 45, na namba ya daraja ni baridi ambayo bado yanapita. Matundu ya filta yako ni madogo kuliko ya wavu huo. Basi ukisoma 20 usiende ukalale penye 20, jiachie nafasi.

Maji nitayapitia haraka. Yanaganda kwenye sifuri, kabla ya nta nyingi, na barafu kwenye filta husingiziwa nta. Mwaga maji ya kitenganishi, kile chombo kinachotenga maji na dizeli, kabla ya majira ya baridi, na tangi lisikae nusu tupu usiku. Hita ya filta ni nzuri, ila nyingi zinahitaji umeme wa gari au injini inayozunguka. Moto wa wazi chini ya tangi, kamwe, hata kama umewahi kumwona mtu akifanya na hakuungua.

Majenereta ya akiba ndiyo yanayoninyima usingizi. Lori hujaza mara kwa mara, kwa hiyo hupata mafuta ya msimu. Jenereta hujazwa majira ya joto, linasahaulika, na usiku wa baridi kuliko zote, umeme unapokatika na wagonjwa wako kwenye mashine, linaamshwa na mafuta ya Julai. Linawaka, kila mtu anashusha pumzi, na dakika kadhaa baadaye linazima. Wenye dhamana hiyo: chukueni sampuli sasa, mafuta yakiwa maangavu, ipimwe, na kama ni ya msimu wa joto, yachanganyeni au myabadilishe kabla theluji haijaanguka.

Muda umekwisha na biodizeli, ile dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, sijaigusa. Nitasema hivi tu: inategemea imetokana na nini. Ile ya mawese huingia ukungu hata nyuzi 13 juu ya sifuri. Jimbo la Minnesota kule Marekani sheria yake huweka asilimia 20 ya biodizeli majira ya joto na kuishusha hadi 5 majira ya baridi, na hawakufanya hivyo kwa kuichukia. Anayetumia mchanganyiko wa aina hiyo abaki kidogo, tuangalie pamoja karatasi ya mafuta yake.