Mistari ya njano na kukata kushoto California

Shikamoni wazee wangu. Kaka na dada zangu, hamjambo.

Nina jirani hapa San Diego, mama mtu mzima. Kila jioni akitoka kazini alikuwa anaipita nyumba yake mwenyewe. Anaiona pale kushoto, lakini katikati ya barabara kuna mistari miwili ya njano isiyokatika. Basi anakwenda mpaka kwenye taa, anageuza gari, anarudi. Nikamwuliza, mama, kwa nini? Akanijibu, "Mwanangu, mstari usiokatika haukanyagwi."

Alichofundishwa ni kweli, ila ni nusu yake. Mistari ile imewekwa kukuzuia usiingie upande wa wanaokuja ili kumpita aliye mbele yako. Sheria ya California, kifungu cha 21460, inakataza hilo. Lakini kifungu hichohicho kinakuruhusu kuivuka mistari hiyo unapokata kushoto kwenye makutano, au unapoingia na kutoka kwenye njia ya nyumba. Mama yule ana haki ya kuingia kwake, mradi hakuna kibao kinachokataza na njia ni nyeupe.

Sasa hapa nawaomba mnisikilize sana. Kuna mahali utakuta mistari minne: jozi mbili za njano, na kati ya jozi na jozi pana nafasi ya futi mbili au zaidi, yaani kama sentimita 60. Hiyo ihesabu kuwa ni ukuta. Huivuki kuingia nyumbani, huivuki kugeuza gari, hata barabara iwe tupu usiku wa manane. Unasubiri pale palipoachwa uwazi. Wengi wetu tunaandikiwa faini hapo kwa sababu kwa mbali, na jua likiwa machoni, minne inaonekana kama miwili.

Na sisi tuliojifunzia Kenya, Tanzania au Uganda tuna mzigo wa ziada, maana kule kona inayokatiza mbele ya wanaokuja ni ya kulia. Kushoto tulikuwa tunakata bila wasiwasi. Wenzetu wa Kongo, Burundi na Rwanda walishazoea upande huu. Mimi miaka yangu ya mwanzo mkono ulikuwa unajua kushoto ni kona nyepesi, na siku moja nilikata bila kuangalia vizuri. Yule aliyekuwa anakuja alifunga breki mpaka nikasikia harufu ya matairi. Alikuwa na mtoto kiti cha nyuma. Sijaisahau sura ya yule mtoto.

Kwa hiyo washa indiketa mapema, angalau futi 100 kabla. Simama karibu na mistari, na matairi yaache yatazame mbele. Usianze kuyapinda ukiwa bado unasubiri! Ukigongwa nyuma matairi yakiwa yamepinda, gari linasukumwa moja kwa moja mbele ya anayekuja. Yakiwa yamenyooka, utakwenda mbele kwenye leni yako. Wanaokuja wapishe wote kwanza. Anayepiga honi nyuma yako mwache apige.

Nimechora mistari yote miwili na ile minne kwa chaki pale nje tunapoegesha magari. Twendeni, kila mtu na ufunguo wake, na wazee watangulie.